Simu Iliyoingia Maji, na Haki Zilizomo Ndani Yake

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo lisilostahili kurasa zetu: simu ya mkononi iliyoangukia maji. Walakini atakayetazama vizuri ataona kuwa ndani ya simu moja iliyolowa mna mali ya watu, mna siri za nyumba, mna madeni, na mna haki baina ya fundi na mwenye simu, na baina ya muuzaji na mnunuzi. Mambo hayo dini yetu haikuyaacha bila ya kuyasemea.

Watu wa Hale, katika wilaya ya Korogwe, wanayajua mambo ya maji na umeme kuliko wengi wetu. Mji wao umekaa kando ya barabara itokayo Segera kwenda Muheza na Tanga, pale Mto Pangani unapoteremka kwa kishindo kuelekea pwani. Mwaka 1964 ulikamilishwa hapo mtambo wa umeme wa megawati 21, na mashine zake zikawekwa chini ya ardhi. Maji huingia, huzungusha magurudumu, kisha hutoka yakaendelea na safari yake. Na kazi kubwa ya wenye mtambo ni kuhakikisha kuwa maji hayo hayagusi waya hata mmoja. Maji na umeme ni majirani wanaoishi vyema maadamu pana ukuta kati yao. Katika simu ukuta huo ni mwembamba kuliko ukucha.

Na kuupita ukuta huo hakuhitaji mafuriko, ingawa mafuriko nayo huja. Mwezi Oktoba wa mwaka 2019 mvua kubwa zilipiga Korogwe na Handeni zikaharibu barabara na madaraja, na watu wakapoteza maisha, Mwenyezi Mungu awarehemu. Lakini aghlabu simu huingia maji siku ya kawaida kabisa. Mkulima hunyeshewa na masika shambani hali simu imo mfukoni. Mtoto huitumbukiza katika ndoo. Mama huiweka ukingoni mwa karo akiosha vyombo. Na wako wengi waliozipoteza msikitini: mtu huinama juu ya hodhi kutia udhu, na simu iliyokuwa katika mfuko wa kanzu, ule wa kifuani, huteleza ikamtangulia majini. Yafaa mwenye kanzu aitoe simu yake kabla ya kuinama, au aishone ile mifuko kifungo. Hilo ni dogo, na faida yake ni kubwa.

Zamani kidogo hasara ya namna hii ingekuwa hasara ya chombo tu. Simu za mkononi zilipoanza nchini Tanzania mwaka 1994 zilikuwa za kusemea, na wenye kuzimiliki walikuwa wachache. Tangu mwaka 2008, ulipoanza mtindo wa kutuma fedha kwa simu, chombo kile kimekuwa mkoba. Kijana aliye Dar es Salaam humtumia mama yake fedha za chakula kwa njia hiyo, na mchuuzi wa machungwa hulipwa kwayo. Picha za marehemu wa nyumba zimo humo, na Msahafu wa kusomea njiani umo humo. Basi simu inapozama, moyo wa mwenyewe hupaa, na katika kupaa huko ndipo hufanya lile linaloiua.

Lipi hilo? Ni kuiwasha ili kuona kama bado inafanya kazi.

Yatupasa tufahamu vizuri jambo hili, maana mengine yote yamejengwa juu yake. Maji peke yake hayaiharibu simu upesi kama watu wanavyodhani. Kiharibucho ni maji pamoja na umeme. Maji ya mto, ya kisima na ya mvua iliyopita juu ya bati yana chumvi na uchafu ulioyeyuka ndani yake, na kwa sababu hiyo hupitisha umeme. Umeme wa betri ukipita katika tone moja lililokaa baina ya nyuzi mbili za shaba, huila shaba upande mmoja na kuijenga upande wa pili, mpaka nyuzi zilizopasa kutengana zikashikana, au uzi uliopasa kuwa mzima ukakatika. Ukiifungua simu iliyopatwa na haya utaona ukoko mweupe au wa kijani juu ya bodi yake. Hiyo ndiyo kutu ya shaba. Maji ya bahari ni makali zaidi kwa chumvi yake. Kadhalika chai yenye sukari na soda, ambazo hukauka zikaacha nta ndani.

Kwa hivyo kitendo cha kwanza, mara tu simu itolewapo majini, ni kuizima. Kama imezimika yenyewe, iachwe hivyo hivyo. Kama ni simu ya kitochi, ile ambayo kifuniko chake cha nyuma hufunguka kwa ukucha, betri itolewe hapo hapo bila kungoja kubonyeza chochote. Na kwa sababu hii moja simu za kitochi hupona mara nyingi kuliko simu janja za bei kubwa, ambazo betri zake zimegundishwa ndani. Kisha itolewe laini, itolewe memori kadi, livuliwe jalada la mpira. Ifutwe nje kwa kitambaa kikavu. Ishikwe tundu la chaja likitazama chini na kupigwapigwa taratibu juu ya kiganja, ili maji yaliyo karibu na mlango yatoke. Isitikiswe kwa nguvu, kwani mtikiso huyapeleka maji mahali ambapo hayakuwa yamefika. Isipulizwe kwa kinywa, maana pumzi ya mtu ina unyevu. Wala isitiwe pamba au kijiti katika matundu yake.

Iliyoangukia maji ya chumvi, au iliyomwagikiwa chai, ina hukumu yake, na hapa watu hushangaa: ikiisha kuzimwa, huoshwa kwanza kwa maji baridi safi. Chumvi ikiachwa ikaukie ndani hubaki humo, na kila unyevu wa hewa utakapokuja itaamka ikaendelea kula. Kuiosha nje kwa maji machache safi kwafaa kwa simu iliyotengenezwa kuhimili maji; kwa zile nyingine kazi hiyo aachiwe fundi, naye apelekewe siku ile ile.

Baada ya hapo ni subira. Simu ilazwe mahali penye kivuli na upepo unaopita, muda wa siku moja hadi mbili. Wale wanaoweka simu juu ya jiko la mkaa, au juu ya bati wakati wa jua kali la adhuhuri, wanacheza na moto kwa maana halisi ya neno. Betri za simu za leo hazipendi joto, nazo zikiisha kudhurika zaweza kuvimba, kutoa moshi, na hata kuwaka. Betri iliyovimba isitobolewe, isikandamizwe, isichomwe pamoja na taka uani. Ipelekwe nje juu ya mchanga au udongo mtupu, mbali na watoto na mbali na nyasi. Na kuchaji simu yenye maji ni hatari kuliko kuiwasha, maana unauongeza umeme penye maji.

Sasa tuje kwenye mchele. Katika nyumba nyingi, simu ikilowa tu, mama huambiwa alete mchele, na simu ikafukiwa humo kama kuku aliyefichwa. Shauri hili limeenea duniani kote, walakini halina nguvu liliyopewa. Mchele mkavu hunywa unyevu wa hewa polepole sana, na hauwezi kuyafikia maji yaliyojificha chini ya vyuma vya bodi. Simu iliyowekwa mahali penye upepo haikosi kitu kwa kukosa mchele. Tena vumbi la mchele huingia katika tundu la chaja, likakutana na unyevu, likawa uji. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kampuni ya Apple, watengenezaji wa simu za iPhone, waliwaambia wateja wao waziwazi wasitie simu katika mchele. Wenye kuona ajabu kuwa simu nyingi hufufuka zikitoka mcheleni wajue kuwa kilichozifufua ni zile siku mbili zisizowashwa. Nasi tunaongeza la kwetu: wako wanaoumwaga mchele huo baadaye kwa kuogopa sumu ya betri, na kilo mbili za chakula cha watoto zikaenda jalalani. Afadhali vile vifuko vidogo vya punje nyeupe vinavyopatikana ndani ya masanduku ya viatu vipya. Vikusanywe katika kopo lenye kifuniko na vihifadhiwe mbali na watoto.

Simu ikikauka ikawaka, wengi husema “Alhamdulillahi” wakaishia hapo. Kumshukuru Mungu ni wajibu, lakini kazi haijakwisha. Kutu iliyokwisha kuanza chini ya vyuma huendelea taratibu, na simu iliyoamka Jumatatu yaweza kufa mwezi wa tatu bila kuonja maji tena. Basi ikiwaka, kabla ya salamu na kabla ya habari, yanakiliwe majina na picha zihamishwe mahali pengine. Kisha ipelekwe kwa fundi akaifungue.

Fundi ajuaye kazi yake huanza kwa kuitenga betri. Huitoa bodi, akaviinua vifuniko vidogo vya bati vilivyoko juu yake, akaisugua kwa mswaki laini uliochovywa katika spiriti kali mpaka ukoko utoke, akaipitishia hewa ya joto kidogo, kisha akapima kwa mita wapi umeme unapita na wapi haupiti. Wenye karakana kubwa wana beseni linalotetema kwa mawimbi ya sauti, nalo huutoa uchafu hata chini ya vyuma ambako mswaki haufiki. Wako mafundi watumiao petroli kwa sababu ni rahisi kupatikana. Hilo si zuri: petroli hushika moto kwa cheche ndogo, hudhuru plastiki, na kumpa fundi mwenyewe maradhi ya kifua na ngozi. Spiriti inayofaa ni ile ya isopropili iliyo karibu kuwa tupu, asilimia 99. Ile ya kusafishia vidonda yenye asilimia 70 imechanganywa na maji, kwa hivyo hukawia kukauka.

Hapa kijana mmoja atauliza: je, spiriti si pombe, nayo ni najisi? Jawabu ni kwamba neno moja limebeba vitu viwili. Kinywaji kinacholevya ni haramu, na katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu pwani hii, ni najisi pia. Ama isopropili si kinywaji. Haitokani na zabibu wala tende wala nafaka iliyochachushwa, na mwenye kuinywa hujitia sumu. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wameruhusu kuitumia kwa kusafishia. Mwenye kubaki na shaka amuulize sheikhe wake, wala asimwite mwenziwe mpotofu kwa jambo hili.

Na najisi yenyewe? Maana si kila simu huangukia maji safi. Nyingi, tuseme wazi, huangukia chooni. Maulamaa wa zamani hawakuijua simu, lakini waliujua upanga na kioo cha kujitazamia, vitu vilaini ambavyo maji huviharibu. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa walisema kitu kilaini cha namna hiyo hutwaharika kwa kupanguswa mpaka athari ya najisi iondoke, na wafuasi wa Imamu Malik wana kauli iliyo karibu na hiyo juu ya upanga na mfano wake. Mashafii walishikilia kuwa hapana budi maji yapite juu yake. Basi mwenye kufuata Shafii aoshe sehemu ya nje kwa maji machache yanayopita, simu ikiwa imezimwa. Ama yale yaliyoingia ndani, maadamu hayajasafishwa, asiingie nayo katika sala mfukoni mwake, kwani huwa amebeba najisi. Aiweke kando mpaka fundi aifungue na kuisafisha. Na fundi aambiwe simu imetoka wapi. Kumficha ni kumdhulumu, naye hushika vitu hivyo kwa mikono mitupu, kisha akala chakula chake cha mchana.

Tumemtaja fundi, tumtajie na haki zake. Ujira usemwe kabla ya kazi, siyo baada yake. Mtume (S.A.W.) ameamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na hali tunayoiona ni watu kuziacha simu zao kwa fundi miezi, naye amekwisha nunua vifaa kwa fedha zake. Tena iwekwe wazi: je, fundi atalipwa kwa kuisafisha, au kwa kuifufua? Simu iliyoingia maji fundi aweza kuihangaikia siku nzima na isiamke. Kama walipatana malipo ni ya kazi ya kuosha, basi ameyastahiki hata kama simu imekufa. Kama walipatana alipwe ikiwaka tu, basi na iwe hivyo. Ugomvi mwingi wa vibandani watokana na neno hili moja lililoachwa bila kusemwa.

Na haki za mwenye simu juu ya fundi ni amana, kwa pande mbili. Upande wa kwanza ni chombo chenyewe. Wanavyuoni walihitilafiana: kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba fundi halipi kilichoharibika mkononi mwake ila akizembea au akivuka mipaka, na imepokewa kuwa Sayyidna Ali (R.A.) aliwatoza mafundi dhamana ya vitu vya watu kwa kuchunga maslaha yao. Kwa kauli zote, fundi anayetoa kioo kizima na kutia kibovu, akasema maji ndiyo yaliyokiharibu, ni mwizi. Upande wa pili ni vilivyomo ndani. Simu ya mke wa mtu ina picha za binti zake wakiwa hawakujifunika, na ina maneno yake na mumewe. Qur'ani imekataza kupelelezana, na Mtume (S.A.W.) alikemea vikali kuchungulia nyumba ya mtu bila idhini. Kufungua picha za simu iliyoletwa kutengenezwa ni kuchungulia huko huko, ijapokuwa mlango ni mdogo. Mwenye simu naye asiwe mjinga: aitoe memori kadi kabla ya kuipeleka, na nywila akihitajiwa kuitoa, aingize kwa mkono wake na akae hapo mpaka kazi ya kujaribu ikwishe.

Juu ya fedha, watu watulie. Fedha za simu hazimo katika simu, wala hazimo katika laini. Zimo katika hesabu ya kampuni kwa jina la aliyesajiliwa, nazo hazilowi. Laini ikiharibika, mwenyewe huenda kwa wakala wa kampuni na kitambulisho chake cha taifa, akaweka kidole, akapewa laini nyingine yenye namba ile ile. Tabu huwapata wale ambao laini zao zimesajiliwa kwa majina ya wengine. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokuwa na mwisho wake, tarehe 20 Januari 2020, wengi ambao hawakuwa na kitambulisho waliazima kidole cha shemeji au cha jirani. Mtu wa namna hii simu yake ikizama hawezi kuipata namba yake mpaka shemeji apatikane, na shemeji akiwa amefariki, fedha zilizomo huingia katika mjadala wa mirathi. Arekebishe jambo hili leo, hali simu yake ni kavu.

Madeni yana uzito kuliko fedha. Duka la mtaani huandika nani kachukua sukari na nani kalipa nusu. Siku hizi huandikwa katika simu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara kuliandika deni na kuliwekea mashahidi, na aya yenyewe ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Deni lililoandikwa mahali pamoja, katika chombo kinachoweza kuingia hodhini kwa kuinama mara moja, halijahifadhiwa ipasavyo. Daftari la karatasi lenye jalada gumu na kalamu ya wino vingali vinafaa. Na anayedaiwa ajue kuwa kuzama kwa simu ya mwenye duka hakukumfutia deni lake.

Limebaki soko. Simu iliyoingia maji ikasafishwa ikawaka, ina sura ya simu nzima. Wako wanaoifuta, wakaitia jalada jipya, wakaiuza haraka kabla haijaanza kuugua. Abu Huraira (R.A.) amesimulia, na Imamu Muslim ameipokea, kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye nafaka, akajibiwa kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu wakaiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika wenziwe. Tazameni, ndugu zangu: kosa la mtu yule halikuwa mvua. Mvua ilitoka kwa Mwenyezi Mungu. Kosa lake lilikuwa kukiweka kikavu juu.

Kuuza simu iliyopata maji si haramu, maadamu aibu yake imetajwa, na bei yake ikashuka kwa kadiri hiyo. Yuko fundi atakayeitaka kwa ajili ya kioo chake, na yuko maskini atakayeridhika nayo akijua. Ama mnunuzi, aitazame simu ya mtumba mbele ya muuzaji. Katika simu nyingi mna kijikaratasi cheupe ndani, penye tundu la laini au chini ya betri, ambacho hugeuka rangi kuwa chekundu kikiguswa na maji. Atazame kama kioo cha kamera kina ukungu kwa ndani, asikilize spika kama inakwaruza, aichomeke chaja. Wala asidanganyike na alama za IP67 au IP68 zinazotajwa na wauzaji: ya kwanza maana yake ni kuhimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, na ya pili zaidi ya hapo kwa kiasi alichotaja mtengenezaji, lakini majaribio hayo hufanywa kwa maji baridi safi na simu mpya. Simu iliyokwisha kufunguliwa, au iliyoanguka sakafuni mara kumi, haina ahadi hiyo tena.

Na akiisha kununua, kisha akagundua kuwa aibu ya maji ilikuwamo tangu kwa muuzaji naye hakuambiwa, sheria imempa hiari ya kuirudisha na kuchukua fedha zake. Lakini asikae nayo: kwa Mashafii haki hiyo yataka aidai mara tu aibu inapomdhihirikia, na akiendelea kuitumia kwa hiari yake hali anajua, huwa ameiridhia.